Printa ya Donka na Lango la Machimbo

Watu wa mji wetu wa Dolna Lipa husema mimi na Donka Radeva tunaishi kwa misiba ya wenzetu. Ni kweli, na sioni aibu hata chembe. Mimi, Ginka, nauza maua. Donka, ukuta kwa ukuta na duka langu, hutengeneza mabango, na katikati ya mabango huchapa tanzia. Mtu akifiwa huanzia kwake, hutoka na karatasi kwapani, halafu huingia kwangu macho yamevimba na kuomba maua ya idadi shufwa. Aliye hai hupewa witiri, matatu, matano, kumi na moja. Aliyekufa hupewa shufwa, mawili, manne, kumi. Hata yule mlevi anayelala kituo cha basi hakosei jambo hilo.

Kwetu tanzia haibandikwi siku ya mazishi tu. Hubandikwa tena siku ya arobaini, tena miezi sita, tena mwaka, na ukiwa umeacha watu wenye mapenzi, hata miaka ishirini baadaye. Picha, jina, maneno machache, majina ya waliobaki. Huwekwa mlangoni kwa marehemu, kwenye miti ya barabarani, kituo cha basi, na kwenye lango la mahali alipokuwa akifanya kazi. Huachwa hapo mpaka mvua na jua viimalize. Kuibandua kwa mkono? Mama yangu alikuwa na matusi ya kila namna, lakini kwa mtu wa hivyo hakuwa na tusi la kumtosha.

Donka alizaliwa kijiji cha juu, binti wa dereva wa trekta. Akiwa na miaka kumi na tisa aliingia karakana ya serikali iliyokuwa ikiandika kaulimbiu kwenye vitambaa vyekundu. Kwa brashi aliandika sifa za maziwa, sifa za chuma, sifa za Mei Mosi. Mwaka mmoja wakampa achore uso wa katibu wa chama wa wilaya, uso mkubwa wa kubebwa kwenye maandamano. Akauchora, na chunjua ya puani akaichora pia. Wakamwambia aifute.

"Akaifute yeye kwanza," akawajibu, "kisha mimi nitafuata."

Kwa jibu hilo alipelekwa kuandika namba za matrekta kwa miaka miwili, nje, kwenye baridi na jua. Baba yake alikuwa akiipangusa vumbi namba ya trekta lake, ya mkono wa bintiye, kwa kitambaa safi kabla hajagusa kitu kingine chochote.

Serikali ile ikaenda zake, karakana ikafungwa, Donka akarudi nyumbani na brashi zake. Mkate, Matairi, Daktari wa Meno, Tunanoa Visu: kila neno lililoning'inia mji huu aliliandika yeye. Mumewe Asen alikwenda Hispania kuchuma stroberi, zikamnogea, hakurudi. Donka hakulia mbele ya mtu. Alinunua printa kuukuu ya mabango, tukaiita Bibi kwa sababu kila asubuhi ilikohoa kabla ya kuamka, na kwa Bibi huyo akaishi miaka mingi bila kumwomba mtu chumvi.

Mwezi Machi, wiki chache kabla ya Pasaka, Bibi akafa. Alikuwa akichapa bango la muuza kondoo. Kichwa cha kondoo kilitoka vizuri, shingo ikatoka na michirizi, halafu ikasikika sauti ya kitu kuparuza chuma, na kukawa kimya. Fundi kutoka mji wa Vratsa akafungua kifuniko, akatazama, akafunga.

"Vichwa vya wino vimekwisha, mama Donka," akasema. "Na vipya vya mashine hii havitengenezwi tena. Tafuta nyingine."

Siku ya tatu yake akaja Rumen Haralanov.

Huyu ndiye mwenye machimbo ya mawe kule juu, na mwenye hoteli ile ya milango ya vioo, na mwaka ule alikuwa anautaka umeya. Ana sauti laini. Mimi watu wa sauti laini hunisimamisha nywele. Aliingia dukani kwa Donka wakati nipo, maana nilikuwa nimepeleka kahawa, akaketi bila kukaribishwa.

"Donka, dada yangu, nimesikia umepatwa na msiba wa mashine."

"Habari zako zina miguu mirefu, Bwana Rumen."

"Mji ni mdogo. Sasa sikiliza. Nimeiona printa moja, upana mita tatu na zaidi. Inachapa bango la barabara kuu kwa muda wa kunywa kahawa hii. Mimi nanunua, wewe unaiweka hapa. Mabango ya kampeni yangu, ya hoteli, ya machimbo, yote utachapa wewe. Mtu wa kwetu ale kwetu. Mbona nipeleke kazi mpaka mji mkuu, Sofia?"

Donka alikuwa anasafisha meza kwa kitambaa. Hakuacha.

"Na mimi nakupa nini?"

"Wewe? Hunipi kitu! Sisi si watu wa mji mmoja?" Akacheka. Akanywa kahawa, kahawa yangu hiyo. Halafu akaishusha ile sauti. "Labda neno moja tu. Mwezi ujao Stoyna atakuja kwako na tanzia ya mwaka."

Hapo kitambaa kikasimama.

Stoyna ni mama yake Iliyan. Kijana huyo wa miaka ishirini na minne alikuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya Rumen. Mkanda wa kusafirisha mawe ulimshika mkono wa koti, ukamvuta. Wenzake walikuwa wameomba kikinga cha mkanda ule tangu majira ya kupukutika majani, wakaambiwa kinakuja. Kesi iko mahakamani, inazunguka huko kama nzi chumbani. Tena siku ya mazishi ikagongana na siku ya ufunguzi wa hoteli. Barabara kuu ilikuwa imefungwa kwa ajili ya magari ya wageni wakubwa. Polisi wakatusimamisha na jeneza letu, wakatugeuza, tukampitisha Iliyan nyuma ya soko, kwenye mapipa ya taka na maji ya samaki, na muziki wa sherehe tunausikia. Stoyna alitembea njia nzima akitazama viatu vyake.

Siku ya arobaini Donka alimchapia tanzia. Stoyna alitaka iandikwe hivi: "Aliondoka nyumbani kwenda kazini machimboni, hakurudi." Basi. Hakumtaja mtu, hakumtukana mtu. Akaibandika mlangoni, kwenye miti, na kwenye lango la machimbo. Ya lango ikabanduliwa siku hiyo hiyo. Miezi sita vivyo hivyo. Akabandika nyingine, ikabanduliwa. Tatu, nne. Kila mtu alijua ni nani anayetoa amri, na kila mtu alikuwa na ndugu aliyeajiriwa kule juu.

"Asiandike machimboni," akasema Rumen. "Neno hilo tu. Kuna maneno mengi mazuri, alitutoka ghafla, alitutoka mapema. Mtu akiwa na kesi mahakamani na kampeni mlangoni, neno kama hilo linaonekana kama siasa. Stoyna ana uchungu, anatumiwa. Wewe ni mtu mzima, Donka. Mwambie kama mwanamke kwa mwanamke."

"Nitakwenda kuziangalia mashine," akasema Donka.

Rumen akafurahi, akadhani amekubaliwa. Alipotoka nikamrukia Donka.

"We mwanamke, chukua mashine! Muache alipe, kisha chapa unachotaka. Atafanya nini?"

"Akiinunua yeye, ufunguo ni wake. Siku nitakayochapa neno hilo nitakuta mlango una kufuli jipya, na mimi nimesimama nje na brashi. Hapana, Ginka. Nilishafutiwa chunjua moja kwa nguvu. Baada ya mimi kupelekwa kwenye matrekta walimpata mwingine akaifuta. Siku ya maandamano nilisimama pale nikautazama ule uso laini kama yai ukipita, nikaapa."

"Uliapa nini?"

"Gari lako lina mafuta?" akauliza.

Basi tukaenda mji wa Plovdiv na gari langu la maua, harufu ya majani mabichi imetujaa puani. Donka alivaa koti lake la harusi za watu. Mkobani alikuwa na kifaa kidogo cha kuhifadhia faili, na ndani yake picha moja tu.

Ukumbi wa mashine ulikuwa mkubwa kuliko kanisa letu. Kijana anayeuza aliitwa Kaloyan, mpole, ana adabu, wala sina neno baya juu yake. Bwana Rumen alikuwa ameshampigia simu, kwa hiyo alitupeleka moja kwa moja kwa lile dude la mita tatu. Lilikuwa refu kama basi la shule. Akaliwasha, vichwa vya wino vikaanza kukimbia huku na huko, na turubai likatoka likiwa na mlima na theluji na mtu anakunywa bia.

"Inakula kila kitu, mama," akasema Kaloyan. "Mvua haifuti, jua halifubazi. Utahitaji tu bomba la kutolea moshi, maana wino wake ni mkali."

Kweli, macho yangu yalikuwa yanawasha kama nimekata vitunguu.

"Na ile?" Donka akaonyesha nyingine.

"Ile wino wake ni wa maji, haunuki kabisa. Ila inakausha kwa moto, inakula umeme. Nyaya za dukani kwako zikoje?"

"Za enzi za baba yangu."

"Basi ile itakuachia mtaa mzima gizani."

"Na ile ya pembeni?"

Ya pembeni ilikuwa ya upana wa mita moja na nusu na kidogo, ya kawaida tu, haina mbwembwe. Kaloyan akakuna shingo. Akaeleza kwamba hiyo ni ya polepole. Ina rangi nane badala ya nne, na katika hizo kuna kijivu na rangi mbili hafifu, za kulainisha ngozi ya mtu. Harufu yake kidogo, unafungua dirisha inatosha. Watu wanaitumia kwa stika, picha za ukutani, vitu vya kutazamwa kwa karibu.

"Lakini kwa kazi aliyosema Bwana Haralanov, hii itakuzeesha," akasema.

"Nimeshazeeka tayari, mwanangu. Nichapie picha hii kwa zote mbili. Kubwa hivi." Akapanua mikono.

Ilikuwa picha ya Iliyan, ile ya kitambulisho cha kazi. Nywele zimelowa, ametoka kuoga, na nyusi ya kushoto ina pengo dogo. Pengo hilo alilipata kwa baiskeli yangu mwenyewe alipokuwa na miaka saba, akianguka mlangoni kwangu na kunivunjia ndoo mbili za tulipu.

Dude kubwa likamaliza kabla sijakohoa. Tukasogea. Kwa karibu kulikuwa na madoadoa, mekundu, meusi, ya manjano, kama mtu amemwaga dengu. Nyusi zilikuwa zipo, pengo halipo.

"Rudi nyuma kidogo, mama," Kaloyan akasema. "Hatua kama kumi. Hapo. Sasa unamwona?"

Donka akarudi nyuma. Akatazama. Akarudi mbele, pua karibu iguse turubai.

"Mama yake hatasimama hatua kumi," akasema.

Kaloyan akaiwasha ile ndogo. Hiyo ilichukua muda wake, mstari kwa mstari, tukakaa tukala vipande vya banitsa, ule mkate wa jibini, nilivyokuwa nimefunga. Kwanza nywele, zimelowa kweli. Halafu paji la uso. Halafu nyusi, na pengo. Wallahi nilimwona yule mtoto amesimama mlangoni kwangu, damu inamchuruzika, anauliza kama tulipu zimeumia.

Simu ya Donka ikalia wakati kidevu kinatoka. Akaiweka sauti ya nje, kwa sababu masikio yake hayaisikii vizuri simu, na kwa sababu alitaka nisikie.

"Donka, dada yangu! Umeiona? Si mnyama ile? Mwambie kijana aandike karatasi, mimi nitatuma mtu."

"Nimeiona, Bwana Rumen. Ni ya uso wa kutazamwa na mtu anayepita kwa gari. Inakufaa wewe sana. Mimi nachukua nyingine."

Kaloyan akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Nyingine ipi? Mimi silipi nyingine."

"Sikukuomba. Nalipa mwenyewe."

"Kwa pesa ipi?"

"Kwa gereji ya baba yangu. Dobri wa matairi anaitaka tangu mwaka juzi, nimemuuzia."

"Donka." Sauti ikawa laini zaidi. "Na lile neno letu?"

"Neno linabaki. Neno ni la Stoyna, wala si letu."

"Utakula nini mji huu, wewe mwanamke? Nikisema kazi zisije kwako, haziji. Halmashauri haitakupa hata kibao cha choo."

"Basi watu wako watakojoa wasikojua ni wapi," akasema Donka, akakata simu.

Nilicheka mpaka Kaloyan akaniletea maji. Donka hakucheka. Aliirudisha simu mfukoni mwa lile koti la harusi. Halafu akamwuliza Kaloyan swali moja: kama ile printa ndogo inachapa juu ya zile stika za muhuri, zinazobandikwa kwenye mita za umeme, ambazo ukizivuta zinamegeka vipande kama ganda la yai.

"Inachapa," akasema Kaloyan. "Yapo marobota ya stika hizo yanayotumika kwa kazi kubwa pia. Lakini mama, hizo ukishabandika hutoi tena. Ukikosea mkunjo, umekosea maisha."

"Nimebandika vitu mimi tangu kabla mama yako hajazaliwa."

"Nina mabaki ya robota moja. Chukua tu." Akaitazama ile picha. "Ni mwanao?"

"Ni wa mji," akasema Donka.

Mashine ikaja siku ya Jumatatu. Stoyna alikuja na ndoo ya shaba kumwaga maji mbele ya kizingiti, ili kazi iende kama maji yanavyokwenda, kama tunavyofanya kwa mtoto anayeanza shule na kwa bwana harusi. Wabebaji wakateleza mara mbili wakimlaani kimoyomoyo, lakini hawakuthubutu kufungua mdomo. Kwa vile alivyovaa nyeusi hakuna ambaye angeweza. Tukaipa printa kikombe cha rakia, pombe yetu kali ya matunda, maana yake tulikunywa sisi.

Kabla hatujamaliza, gari jeusi likasimama. Akashuka Mitko, dereva wa Rumen, kijana wa watu, ana mke na mapacha. Amebeba waridi kumi na moja, nyekundu, ndefu, hazikutoka dukani kwangu.

"Bosi anakupongeza kwa mashine mpya," akasema akitazama sakafu. "Anasema bado hamjachelewa kuelewana. Tanzia si bado wiki?"

Donka akayapokea maua. Akayanusa. Akachomoa ua moja, moja tu, akaliweka kwenye glasi ya maji juu ya printa. Mengine akamrudishia.

"Mpelekee. Mwambie namshukuru."

Mitko akahesabu kwa macho. Akawa mweupe kama unga.

"Mama Donka, haya ni kumi."

"Najua kuhesabu."

"Siwezi kumpelekea mtu aliye hai maua kumi! Atanifukuza!"

"Mwambie nimekulazimisha. Mwambie nina wazimu. Kila mtu atakuamini."

Nilimwona Mitko amesimama barabarani muda mrefu na yale maua, anayashika mbali na mwili kama anayeshika paka wa jirani. Mwishowe alikwenda. Inasemekana Rumen aliyatupa kwa dirisha la ghorofa ya pili, na mpishi wa hoteli akajipigia ishara ya msalaba kwa hofu.

Siku tatu kabla ya mwaka, Stoyna akaja kuona. Donka alikuwa amechapa zile za kawaida, za milangoni na mitini. Kisha akamwonyesha ile ya lango, imetandazwa sakafuni vipande kwa vipande, kimoja kando ya kingine, upana wa ubawa mzima wa lango, urefu kupita mtu. Jina. Uso. Na chini, kwa herufi alizozichora kwa mkono kwanza, kama za matrekta ya zamani: Aliondoka nyumbani kwenda kazini machimboni, hakurudi.

Stoyna akapiga magoti. Akaweka kidole kwenye lile pengo la nyusi. Alikaa hapo mpaka nikashindwa kuvumilia, nikaenda nyuma kumwagilia maua yasiyohitaji maji.

"Nimezoea ndogo, Donka," akasema.

"Ndogo na wao wameizoea."

"Watakufanyia ubaya."

"Wameshaanza. Leo asubuhi mkaguzi alikuja kupima urefu wa ngazi yangu. Nimempa kiti akae apime vizuri."

Alhamisi alfajiri, siku yenyewe ya mwaka, tulikwenda sisi watatu kwenye lango la machimbo. Lango ni la bati nene, mabawa mawili. Mlinzi alikuwa bado amelala kibandani. Donka alifuta vumbi, akafuta kwa spiriti, akaanza juu, akishuka polepole na kipande cha plastiki cha kusukumia hewa nje, bila mkunjo hata mmoja. Stoyna aliwasha mshumaa. Mlinzi alipoamka tulikuwa tumeshamaliza, tunagawana ngano ya kuchemsha yenye sukari, tukampa na yeye kikombe chake. Akala. Angefanya nini? Ngano ya marehemu haikataliwi.

Saa mbili walikuja watu na visu vya kukwangua. Wakakwangua. Kilichotoka ni magamba madogo pembeni, yanaingia kwenye kucha. Uso haukuguswa, mmoja alijaribu, akaacha, akasema mkono unamuuma. Rumen naye alikuwa na wageni wa chama wanaokuja kukagua machimbo saa saba. Akapiga simu akifoka, na sauti laini safari hii haikuonekana: ubawa ung'olewe, upelekwe kwa mhunzi wa ng'ambo ya mji ukapigwe mchanga mpaka ubaki bati tupu.

Na hapa ndipo hasira zilipomla akili. Alhamisi ni siku ya soko. Njia ya nyuma ya soko, ile waliyotupitisha sisi, siku hiyo inajaa meza za jibini na vizimba vya kuku, haipiti hata baiskeli. Imebaki barabara kuu tu. Ubawa ulikuwa mrefu kuliko lori, ukabidi usimamishwe kwa kuegemezwa ubavuni. Mitko ndiye aliyeendesha. Mpaka leo anaapa kwamba upande wa nyuma wa bati ulikuwa na bawaba zinazochoma, kwa hiyo hakuwa na namna ila kuuweka uso utazame nje. Anaapa huku anatabasamu.

Nilikuwa mlangoni nikipanga ndoo. Nikamwona Iliyan anakuja. Mkubwa, nywele zimelowa, mchana kweupe, katikati ya barabara kuu.

Mtu wa kwanza kusimama alikuwa mzee anayeuza bahati nasibu. Alivua kofia. Huwezi kuuona uso na jina na maneno yale vikipita barabarani ukaendelea kutembea. Miguu yenyewe inakataa. Kinyozi akatoka na mteja wake, nusu amenyolewa, wote wawili wakasimama. Wanawake wakaweka vikapu chini, wakapiga ishara ya msalaba. Wafanyakazi wa hoteli wakatoka kwenye ile milango ya vioo wakajipanga kwenye ngazi, na hakuna aliyewaita. Mitko hakupiga honi hata mara moja. Aliliendesha lile lori kwa mwendo wa mtu anayetembea nyuma ya jeneza, na kofia yake ilikuwa imeshavuliwa, ipo juu ya usukani.

Mimi niliburuta ndoo zote nje. Watu wakachukua maua mawili mawili, nami sikumwomba mtu hata senti. Wakayatupa loriini mpaka ule ubawa ukawa umesimama katikati ya maua.

Donka alikuwa amesimama kwenye kizingiti chake, nyuma yake printa inakwenda, mstari kwa mstari, inachapa nyingine ya ubawa uliobaki. Stoyna alikuwa kando yake na sinia la ngano. Lori lilipofika mbele yetu likasimama lenyewe. Stoyna hakutazama viatu vyake. Alimtazama mwanawe usoni, kwa karibu, kisha akatazama barabara yote, juu mpaka chini, na watu wote walivyosimama.

"Mwaka jana walitugeuza hapa," akasema. "Leo wamempitisha wenyewe."

Akampa Mitko kikombe cha ngano dirishani, lori likaendelea.